Hodi Angani: Mgongano, Mwingiliano na Kutegemeka kwa Ujumbe katika Mitandao Isiyo na Waya

1. Utangulizi

Mawasiliano yanayotumia mawimbi ya redio yana tabia moja isiyopatikana katika mawasiliano ya waya: njia yake haina mwenyewe. Waya wa simu uliotandazwa kati ya nyumba mbili ni wa nyumba hizo mbili, na sauti ipitayo humo haisikiki kwingine wala haizuiwi kwa urahisi na sauti za kwingine. Wimbi la redio, kinyume cha hayo, huenea pande zote kama mwanga wa taa, likamfikia aliyekusudiwa na asiyekusudiwa. Vituo viwili vilivyo jirani vikipeleka ujumbe kwa wakati mmoja na kwa masafa yaleyale, yaani kwa idadi ileile ya mitikisiko ya wimbi katika kila sekunde, mpokeaji hapati jumbe mbili. Aghalabu hapati hata mmoja.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wataalamu walivyolikabili tatizo hilo tangu miaka ya 1970, wakaweza kuifanya njia hiyo ya wote ibebe ujumbe kwa namna inayotegemeka. Hoja yake kuu ni kwamba kutegemeka huko hakukupatikana kwa kuinyamazisha fujo ya angani. Kulipatikana kwa kuikubali fujo kuwa ni hali ya kudumu, kisha kuwapa washiriki wote kanuni za mwenendo, na kuuwekea ujumbe wenyewe akiba ya kujilinda.

Jambo hili linawahusu wataalamu wa lugha kwa sababu mbili. Kwanza, maelezo ya sayansi hii katika Kiswahili yatategemea istilahi, na baadhi ya istilahi zinazopendekezwa tayari zina kazi nyingine katika isimu. Pili, ile akiba ya kujilinda ambayo wahandisi waliibuni kwa hesabu ina mfano wake katika sarufi ya Kiswahili na katika ngoma za Afrika. Wapo wanaoiona sifa hiyo ya sarufi kuwa mzigo usio na faida. Uchunguzi wa mitandao hii unatoa sababu ya kuifikiria upya rai hiyo.

2. Istilahi tatu zinazohitaji kutenganishwa

Katika mazungumzo ya kawaida, kila kinachoharibu usikivu wa redio huitwa kelele au mwingiliano bila kubagua. Kwa mhandisi, mambo haya ni matatu, na kila moja lina dawa yake.

Kelele ni kila mtikisiko usiobeba ujumbe wa mtu yeyote: radi, cheche za mitambo, hata joto lililomo ndani ya chombo chenyewe cha kupokelea. Kelele haina mwenyewe na haiwezi kuombwa inyamaze. Mwingiliano ni ujumbe wa wengine unaopenya katika masafa ya mpokeaji asiyehusika. Kwa mwenyewe ni ujumbe kamili. Kwa jirani ni fujo. Mgongano ni aina mahsusi ya mwingiliano: washiriki wawili wa mtandao mmoja, wanaofuata kanuni zilezile, hupeleka kwa wakati mmoja na kuharibiana. Kelele hushindwa kwa kuongeza nguvu ya ishara au akiba ndani ya ujumbe. Mwingiliano hupunguzwa kwa kutenganisha masafa, mahali au nguvu. Mgongano huepukwa kwa zamu. Anayeyachanganya mambo haya matatu atatoa dawa ya ugonjwa mmoja kwa mgonjwa wa mwingine.

Neno mwingiliano linadai tahadhari zaidi, kwa kuwa wanaisimu huweza kulitumia, sambamba na neno athari, kwa jambo ambalo Uriel Weinreich alilichambua katika kitabu chake cha mwaka 1953 kuhusu lugha zinazokutana. Katika isimu, mfumo mmoja huingia ndani ya mwingine katika kinywa cha msemaji mmoja, na kilichoingia huweza kukaa na kuwa mali ya lugha iliyopokea. Angani hakuna mfumo unaoingia katika mwingine. Mawimbi hujumlishwa tu, na mmoja wa wasemaji anaponyamaza hakuna alama inayobaki. Neno ni moja, dhana ni mbili.

Ipo pia dhana ya kutegemeka, ambayo wengine huiita uaminifu. Uaminifu ni sifa ya mtu mwenye ahadi, na chombo hakina ahadi. Inafaa zaidi kusema kwamba mtandao unategemeka pale ujumbe uliopelekwa unapofika ukiwa mzima au, usipofika, pale mpelekaji anapopata kujua kwamba haukufika. Sehemu ya pili ya maelezo haya isiachwe. Mtandao unaopoteza ujumbe na kukiri kwamba umepotea hutegemeka kuliko ule unaopoteza kidogo na kunyamaza.

3. Visiwa vya Hawaii na kusema bila kusikiliza

Mfano ulioweka msingi wa taaluma hii ulitoka Chuo Kikuu cha Hawaii. Mwaka 1968 Norman Abramson na wenzake walianza mradi wa kuwawezesha watumiaji wa visiwa hivyo, ambavyo vimetengwa na bahari, kuitumia kompyuta kubwa ya chuo iliyokuwa karibu na Honolulu. Badala ya kutegemea nyaya za simu, walitumia redio. Mtandao huo ulianza kufanya kazi mwaka 1971, nao uliitwa ALOHA, kwa neno la Kihawaii ambalo watu husalimiana na kuagana kwalo. Kompyuta ndogo iliyopokea na kupanga ujumbe mbele ya ile kubwa ilipewa jina la Menehune, watu wafupi wa hadithi za jadi za visiwa hivyo.

Mtandao ulikuwa na masafa mawili. Katika megahezi 413.475 Menehune peke yake ndiye aliyesema na vituo vyote vikasikiliza. Huko hapakuwa na mgongano. Katika megahezi 407.350 vituo vyote vilisema na Menehune, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Abramson hakumteua msimamizi wa zamu. Alitoa kanuni iliyo rahisi mno: kila kituo chenye ujumbe na kiupeleke mara moja. Ujumbe ulikatwa vipande vya biti 704 vilivyoitwa pakiti. Ndani ya kila pakiti biti 640 zilibeba herufi 80 za mtumiaji, 32 zilikuwa anwani na maelekezo, na 32 zilizobaki zilikuwa za ukaguzi. Menehune alipoipata pakiti na kuona kwamba ukaguzi umelingana, alirudisha jibu fupi la kukiri kuipokea, ambalo katika makala haya litaitwa stakabadhi. Kituo kisichopata stakabadhi kilichukulia kwamba pakiti imegongana, kikangoja kwa muda wa kubahatisha, kisha kikaipeleka tena.

Muda huo wa kubahatisha ndio kiini cha ubunifu wenyewe. Kama vituo viwili vilivyogongana vingengoja kwa muda uliolingana, vingegongana tena, na tena, bila kikomo, mithili ya watu wawili waliokutana katika uchochoro mwembamba, kila mmoja akimpisha mwenzake upande uleule. Bahati nasibu huondoa ulinganifu huo.

Kanuni hii ina gharama inayohesabika. Pakiti huharibika ikiwa nyingine yoyote itaanza wakati yenyewe inapita, au ilianza muda mfupi kabla yake na haijamalizika. Basi hatari yake hudumu kwa muda wa pakiti mbili. Kutokana na hilo, Abramson alionyesha kwamba hata katika hali bora kabisa ni asilimia 18.4 tu ya uwezo wa njia itakayobeba pakiti zilizofika salama. Hali hiyo bora hutokea pale majaribio yote yakijumlishwa yanapofikia nusu ya uwezo wa njia. Yakilingana na uwezo wote, zinazopita hushuka hadi asilimia 13.5; yakiwa maradufu ya uwezo, hushuka hadi asilimia 3.7. Kadiri vituo vinavyong'ang'ania, ndivyo vinavyozidi kukosa.

Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza kwamba wakati ugawanywe katika vipindi vilivyo sawa, na kila kituo kianze kupeleka mwanzoni mwa kipindi tu. Kwa kufanya hivyo pakiti hugongana kikamilifu au hazigongani kabisa. Muda wa hatari hupungua kwa nusu, na uwezo hupanda hadi asilimia 36.8. Njia hii haikubaki Hawaii. Mfumo wa simu za mkononi wa GSM, ulioenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1990, uliitumia kwa ombi la kwanza kabisa ambalo simu hulipeleka kwenye mnara kabla ya kupewa njia yake. Hivyo mtu wa Kisumu aliyebonyeza namba ya jamaa yake alianza, bila kujua, kwa kanuni iliyobuniwa kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki.

4. Kusikiliza kabla ya kusema

Udhaifu wa kanuni ya Hawaii unadhihirika kwa yeyote aliyewahi kuketi barazani: kila mtu alisema bila kusikiliza kama mwingine anasema. Katika utafiti wao wa mwaka 1975, Leonard Kleinrock na Fouad Tobagi walieleza kwa hesabu faida ya kusikiliza kwanza. Kituo chenye ujumbe hupima masafa. Yakiwa na wimbi, hungoja. Yakiwa kimya, hupeleka. Robert Metcalfe, aliyeichambua ALOHA katika tasnifu yake ya Harvard, alikuwa tayari ameanza mwaka 1973 kuitumia fikra kama hiyo kwenye waya mmoja wa pamoja, na hapo ndipo ulipotoka mtandao wa Ethernet.

Hata hivyo, waya na anga havilingani. Kwenye waya, kituo kinaweza kusikiliza huku kikisema, na kikihisi mgongano kikakatiza. Angani, wimbi la kituo chenyewe lina nguvu nyingi mno karibu na antena yake, kiasi kwamba wimbi dogo la mwingine aliye mbali halitambulikani. Kituo cha kawaida kinachopeleka ni kama mtu anayepiga kelele: hasikii mnong'ono. Kwa hiyo mitandao isiyo na waya haikuweza kutegemea kuutambua mgongano. Ilibidi ijitahidi kuuepuka.

Tatizo la pili liliitwa na Tobagi na Kleinrock tatizo la kituo kilichofichika. Chukulia vituo viwili vilivyotengwa na kilima, na cha tatu kileleni kinachosikia vyote viwili. Kituo cha upande wa mashariki husikiliza, hukuta kimya, na kupeleka ujumbe kileleni. Cha magharibi nacho husikiliza, hukuta kimya, na kupeleka. Vyote viwili vimefuata kanuni bila kosa, na ujumbe wa vyote viwili umeharibika pale kileleni. Funzo lililomo hapa ni la msingi: ukimya unaosikika kwa msemaji si ushahidi wa ukimya ulioko kwa msikilizaji, na mgongano hutokea kwa msikilizaji.

Wataalamu wa mazungumzo watatambua hapa mada iliyo jirani na yao. Mwaka 1974, karibu wakati uleule wa tafiti hizi, Harvey Sacks, Emanuel Schegloff na Gail Jefferson walichapisha uchambuzi wao wa jinsi wasemaji wanavyopokezana zamu bila mwenyekiti. Tofauti yafaa ibainishwe. Msemaji hubashiri mwisho wa zamu ya mwenzake kwa kiimbo, kwa sarufi na kwa macho, hata akaingia bila pengo. Chombo cha kawaida cha redio hakina viashiria vingi namna hiyo. Kwa sababu hiyo, kanuni zake zililazimika kutaja waziwazi kile ambacho watu hukifanya kwa mazoea.

5. Hodi, karibu na stakabadhi

Mwaka 1997 ilitolewa kanuni ya kimataifa yenye namba 802.11, ambayo vyombo vyake hujulikana kwa jina la Wi-Fi. Toleo hilo la kwanza liliruhusu mwendo wa hadi biti milioni 2 kwa sekunde. Matoleo yaliyofuata yaliongeza mwendo mara nyingi, lakini misingi ya mwenendo ilidumu. Misingi hiyo inaweza kuelezwa katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza na kungoja. Katika toleo la masafa ya gigahezi 2.4 lililoenea mwanzoni mwa karne hii, njia iliyokuwa na shughuli inapotulia, kituo hungoja sehemu 50 za milioni ya sekunde, kisha huhesabu vipindi vya sehemu 20 kila kimoja, kwa idadi iliyochaguliwa kwa bahati nasibu kati ya 0 na 31. Akitokea mwingine akaanza kusema, hesabu husimama. Akinyamaza, huendelea pale ilipoachwa. Hivyo aliyengoja sana hasogezwi nyuma ya foleni.

Hatua ya pili ni stakabadhi. Mpokeaji aliyepata pakiti nzima hukiri baada ya sehemu 10 tu za milioni ya sekunde. Muda huo umefanywa mfupi kuliko muda wa kungoja wa kituo kingine chochote, ili pasiwe na awezaye kujipenyeza kati ya ujumbe na stakabadhi yake.

Hatua ya tatu ni kurudi nyuma. Stakabadhi isipofika, kituo huongeza wigo wa bahati nasibu: kutoka 31 hadi 63, kisha 127, 255, 511 na mwisho 1,023. Yaani kila kushindwa huchukuliwa kuwa dalili ya msongamano, na jibu la msongamano ni subira. Methali ya mafahali wawili na zizi moja haikanushwi na kanuni hii. Huwekewa sharti tu. Mafahali hukaa zizi moja ikiwa kila aliyejeruhiwa atarudi nyuma zaidi ya alivyorudi mara iliyotangulia.

Hatua ya nne, ambayo hutumika inapohitajika, ni dawa ya kituo kilichofichika. Asili yake ya karibu ni pendekezo la Phil Karn la mwaka 1990 kwa ajili ya redio za wapenzi wa mawasiliano. Kabla ya ujumbe mrefu, kituo hupeleka ombi fupi la nafasi, likitaja muda utakaohitajika. Mpokeaji hujibu kwa ruhusa fupi inayoutaja muda huo. Kituo kilichojificha nyuma ya kilima hakikulisikia ombi, lakini kinaisikia ruhusa, kwa sababu inatoka kileleni. Basi kinanyamaza hadi muda uishe.

Mswahili hahitaji maelezo marefu ili kulielewa jambo hili, kwa kuwa ni hodi na karibu. Anayebisha hajui yaliyomo ndani ya nyumba. Mwenye nyumba ndiye anayejua, na kwa hiyo ruhusa hutolewa na anayefikiwa, si na anayefika. Neno karibu husikika pia na wengine waliomo, wakajua kwamba kuna anayeingia. Hata ukomo wa kubisha unafanana. Kwa desturi hodi hupigwa mara tatu, na asiyeitikiwa huondoka. Katika kanuni ya 802.11, kiwango cha kawaida cha majaribio kwa pakiti fupi ni 7, na kwa ndefu zinazotanguliwa na ombi ni 4. Baada ya hapo kituo huacha na kutoa taarifa ya kushindwa. Kuacha huko ni sehemu ya kutegemeka, kwa maana asiyeacha kubisha humzuilia mlango kila mwingine.

6. Kutenganisha majirani

Zamu hutosha kwa wanaofuata kanuni moja. Wasiofuata kanuni hiyo hawana budi kutenganishwa. Kwa kawaida serikali hugawa masafa kwa leseni, na nchini Kenya kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Lakini mwaka 1985 tume ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu baadhi ya masafa, yakiwemo yaliyo karibu na gigahezi 2.4, yatumiwe na vyombo vya mawasiliano bila leseni, kwa masharti ya nguvu ndogo na ya kuutawanya ujumbe katika upana wa masafa. Masafa hayo yalikuwa tayari ya mitambo ya viwanda, ya tiba na ya mapishi. Jiko la maikrowevu hutumia takriban gigahezi 2.45. Wi-Fi ilizaliwa katika uwanja ambao tayari ulikuwa na fujo.

Sharti la kutawanya lilikuwa na historia. Mwezi Agosti 1942 mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza ya Marekani kwa mfumo wa kuongoza topido kwa redio, ambamo mpelekaji na mpokeaji hurukaruka pamoja kati ya masafa 88, ili adui asiweze kuuziba ujumbe. Fikra ya kurukaruka hutumika katika vyombo vya Bluetooth: kwa kawaida hubadili masafa mara 1,600 kwa sekunde miongoni mwa njia 79. Aliye na fujo katika masafa machache hupoteza vipande vichache tu. Tangu mwaka 2003 kanuni ya Bluetooth imeruhusu vyombo kuyatambua masafa yenye shughuli na kuyaruka, ili visimsumbue jirani wa Wi-Fi wala visisumbuliwe naye.

Wi-Fi yenyewe hutenganishwa kwa njia zenye namba. Katika gigahezi 2.4 namba zimepishana kwa megahezi 5 tu, ilhali ujumbe wa toleo lililotajwa hapo juu huchukua upana wa megahezi 22. Hivyo njia ya 1 na ya 2 zina majina tofauti lakini kwa sehemu kubwa ni njia moja. Kati ya njia 11 zinazoruhusiwa Marekani, ni tatu tu zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Anayeikimbia njia ya 6 yenye msongamano akahamia ya 4 huenda amezidisha tatizo, kwa kuwa sasa husikika kwa majirani kama fujo isiyoeleweka badala ya mwenzao wa zamu.

7. Akiba iliyomo ndani ya ujumbe

Baada ya zamu na utengano, bado kelele ipo. Dawa yake ni kusema zaidi ya kinachohitajika. Mwaka 1948 Claude Shannon alithibitisha kwamba katika njia yenye kelele ujumbe unaweza kufikishwa kwa makosa machache kadiri mtu apendavyo, mradi mwendo wake usipite uwezo wa njia hiyo. Alikadiria pia kwamba takriban nusu ya maandishi ya Kiingereza ni ziada inayotokana na muundo wa lugha. Mwaka 1950 Richard Hamming alichapisha mbinu inayoongeza biti 3 za ukaguzi kwa kila biti 4 za ujumbe, kwa mpango ambao biti yoyote moja kati ya hizo 7 ikigeuzwa na kelele, mpokeaji huijua na kuirekebisha bila kuomba irudiwe.

Afrika iliijua dawa hii kabla ya hesabu zake. Katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu ngoma zinazosema, John Carrington alieleza ngoma za Walokele wa eneo la Kisangani, nchini Kongo. Lugha yao ina toni mbili, na ngoma hubeba toni tu. Irabu na konsonanti zote hupotea njiani. Maneno mengi yenye toni zilezile yasingetofautishwa. Kwa hiyo mpigaji hasemi mwezi kwa neno lake pekee. Hupiga fungu zima linaloeleza jinsi mwezi unavyoitazama nchi. Kuku naye hutajwa kwa fungu lenye mlio wake. Kila neno huvishwa maneno mengine hadi mfululizo wa toni uwe wa pekee. Asiyejua angesema ni mbwembwe za mpigaji, kumbe ndiyo sharti la kueleweka.

Kiswahili nacho kina akiba ya namna hii katika upatanisho wa ngeli. Katika sentensi Vikombe vyangu vile viwili vimevunjika, habari ya kwamba jambo ni la ngeli ya KI-VI, wingi, imetolewa mara tano. Kelele ikimeza silabi ya kwanza, msikilizaji atapata kombe vyangu vile viwili vimevunjika. Kombe ni neno halali la Kiswahili, lakini lingedai langu, lile na limevunjika. Mapatano manne yaliyobaki yanalikataa kombe na kukirudisha kikombe katika wingi wake. Msikilizaji hurekebisha bila hata kujua kwamba amerekebisha, kama mpokeaji wa Hamming.

Mlinganisho huu una mipaka. Kelele ikimeza mzizi wa viwili, hakuna kiambishi kitakachomwambia msikilizaji kama vikombe vilikuwa viwili au vitatu. Akiba hulinda kile tu ilichopangiwa kukilinda. Mbinu ya Hamming nayo, biti mbili zikigeuzwa, hurekebisha isivyo na kutoa ujumbe mwingine ulio sahihi kwa umbo na wa uongo kwa maana. Aidha, hakuna aliyeketi akabuni upatanisho kwa ajili ya kelele, nao una kazi nyingine katika sarufi. Hata hivyo, rai kwamba upatanisho ni marudio matupu, ambayo msemaji wa Kisetla au wa lugha ya mitaani huyaacha bila hasara, haiwezi kukubaliwa bila kupimwa. Anayeyaacha hulazimika kutegemea zaidi mpangilio wa maneno, mazingira, na subira ya msikilizaji atakayemuuliza arudie. Gharama haikufutwa, imehamishwa kutoka katika ujumbe hadi katika zamu.

8. Mpaka wa uhakika

Hata stakabadhi hupita katika anga ileile na huweza kupotea. Mpelekaji asiyeipata hawezi kujua kama kilichopotea ni ujumbe au ni kukiri kwake. Mpokeaji akitakiwa kuikiri stakabadhi ya stakabadhi, swali husogea hatua moja tu, wala halina mwisho. Imethibitishwa kwa hoja za mantiki kwamba katika njia inayoweza kupoteza ujumbe, pande mbili haziwezi kamwe kufikia uhakika kamili wa pamoja.

Mitandao huishi na ukweli huu kwa kuzipa pakiti namba. Kituo kikirudia pakiti, hurudia na namba yake ileile, na mpokeaji aliyekwisha kuipata huitupa nakala na kutoa stakabadhi upya. Watu hawafanyi hivyo. Katika huduma za kutuma fedha kwa simu, ambazo zilianza kuenea nchini Kenya mwaka 2007, mtu asiyepata jibu huweza kuamua kutuma tena. Hapo hakurudia pakiti. Ameanzisha shughuli mpya yenye namba mpya, na mtambo hauna njia ya kujua kwamba nia yake ilikuwa moja. Fedha huondoka mara mbili bila chombo chochote kukosea. Anayelijua hili huuliza salio kwanza. Maelezo ya namna hii yanastahili kutolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kwa kuwa wanaoyahitaji wengi wao hawatayasoma kwa lugha nyingine.

9. Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba mitandao isiyo na waya hutegemeka kwa sababu ilijengwa juu ya matarajio ya kupoteza. Kusikiliza, kungoja kwa bahati nasibu, kurudi nyuma, kubisha hodi, kukiri, kutengana, kujiwekea akiba na kutia namba ni njia mbalimbali za kuishi pamoja katika uwanja usio na mwenyewe. Hakuna hata moja inayotosha peke yake, na kila moja hugharimu sehemu ya uwezo wa njia.

Kwa upande wa istilahi, inapendekezwa kwamba kelele, mwingiliano na mgongano yatumike kwa dhana tatu zilizobainishwa hapo juu bila kubadilishana. Kwamba kutegemeka kuteuliwe badala ya uaminifu. Na kwamba stakabadhi, ombi na ruhusa, ambayo tayari ni maneno ya watu, yasiachwe kwa ajili ya mkopo usiohitajika. Kwa upande wa sarufi, upatanisho unahitaji kupimwa kwa majaribio: wasikilizaji wasikilizishwe sentensi zenye mapatano kamili na zisizo nayo, katika viwango mbalimbali vya kelele, ili ijulikane ni kiasi gani cha ujumbe huokolewa na viambishi. Hadi kazi hiyo itakapofanywa, asiwepo wa kuyaita marudio hayo kuwa ni ya bure.